Dar mpaka New York: kilomita 12,400 za Google na masaa yanayogongana kwenye tiketi ya mama

Swali: "Shikamoo mama. Tunaishi Morogoro, mama yangu ana miaka 68 na Januari anaenda New York kwa dada yangu ambaye amejifungua. Hajawahi kupanda ndege. Nimegugo umbali wa Dar mpaka New York naona kilomita 12,400, kwingine wameandika 7,700, kwingine 6,700. Wakala kaniambia safari ni masaa karibu 20. Tiketi inaonyesha anaondoka Dar Alhamisi 19:00, anafika Nairobi 20:20, anaondoka Nairobi 23:25, anafika New York Ijumaa 06:25. Nikihesabu hapo ni masaa 11 na nusu tu. Kurudi, mwishoni mwa Februari, anaondoka Jumanne 12:25, anafika Nairobi Jumatano 10:55 na Dar 15:00, hapo ni masaa 26 na nusu. Ipi ndo kweli? Halafu ana sukari, dawa tufanyeje?"

Marahaba mwanangu, na hongereni sana kwa mtoto. Nimekaa kwenye kaunta ya tiketi hapa Dar miaka 22 na swali lako nimeliona kwa sura nyingi sana, ila wewe umelileta na namba zote kwa hiyo nitakujibu moja moja. Na nianze kwa kukutoa wasiwasi, hakuna aliyekudanganya. Google kasema kweli, wakala kasema kweli, tiketi nayo inasema kweli, tatizo ni kwamba kila mmoja anapima kitu chake na hakuna aliyekwambia anapima nini.

Kilomita kwanza maana hizo ndo rahisi. 12,400 na 7,700 na 6,700 ni umbali uleule mmoja. Ya kwanza ni kilomita, ya pili ni maili za nchi kavu kama wanazotumia Wamarekani barabarani, ya tatu ni maili za baharini ambazo marubani na manahodha wanazitumia, moja ina mita 1,852. Basi. Ukiona tovuti imeandika namba tu bila kusema ni kipimo gani, iache.

Ila hiyo 12,400 ni umbali ambao hakuna ndege itakayomrusha mama yako, kwa sababu hakuna ndege ya abiria inayotoka Dar moja kwa moja mpaka New York. Ni mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia, Dar mpaka New York, umepigwa na kompyuta. Na mstari huo haupiti pale ambapo macho yako yanakwambia. Ukiangalia ramani ya ukutani ya shuleni utasema kutoka huku kwetu unakatiza Kongo, unaingia Atlantiki, unaenda moja kwa moja upande wa kushoto. Sasa chukua mpira wa mtoto, weka alama ya kalamu ilipo Nairobi na nyingine ilipo New York kwa kukisia, halafu vuta uzi kati yake mpaka ukaze. Uzi utapanda juu. Kutoka Nairobi unaelekea kaskazini magharibi, unapita Uganda pale karibu na mlima Elgon, Sudan Kusini, unagusa kona ya Darfur, Chad, Niger, jangwa lote la Algeria, Moroko, ndo unaingia baharini na kupita karibu na visiwa vya Azores vya Wareno. Halafu kuna kitu kinachowashangaza watu wote ninaowaonyesha, uzi huo kabla ya kufika New York unakuwa umeshapanda kaskazini kuliko New York yenyewe, ndo unashuka kidogo kuingia mjini. Ramani ya ukutani imeinyoosha dunia ambayo ni ya mviringo ikaiweka kwenye karatasi, ndo maana kwenye ramani nyingi za aina hiyo unaona Greenland inakaribia kulingana na Afrika wakati Afrika ni kubwa kama mara 14.

Nairobi mpaka New York kwa mstari huo ni kama kilomita 11,800. Kenya Airways waliianza hiyo safari ya moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018 kwa Boeing 787, ile wanaiita Dreamliner, na masaa uliyoniandikia ya 23:25 kufika 06:25 na kurudi 12:25 kufika 10:55 ndo yaleyale waliyoanza nayo. Ratiba za ndege zinabadilika mara kwa mara, kwa hiyo angalia tena tiketi wiki moja kabla ya safari, na siku moja kabla angalia tena.

Sasa masaa. Ndege kama hiyo ikishapanda juu inakwenda kama kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya 11,800 kwa 900 unapata masaa 13 na dakika chache. Kwa nini basi tiketi iseme 15 kwenda na 14 na nusu kurudi, kama utakavyoona chini nikizigeuza saa zake? Kwanza, masaa ya tiketi yanaanza kuhesabiwa ndege inaposukumwa kutoka getini na yanaisha inapoegeshwa, kwa hiyo kule kutambaa mpaka kwenye njia ya kurukia, foleni ya kuruka, kupanda taratibu ikiwa imejaa mafuta, na kule New York kuzungushwa angani kusubiri zamu ya kutua, vyote viko ndani. Pili njia yenyewe haiwi ule uzi wa kwenye mpira kwa asilimia mia. Anga la Sudan lilifungwa Aprili 2023 vita vilipoanza Khartoum, ndege za kampuni nyingi zikalazimika kuzunguka. Na si Afrika tu, ndege ya Helsinki kwenda Tokyo ilikuwa kama masaa tisa na nusu, mwaka 2022 Urusi ilipoyafungia mashirika ya Ulaya anga lake ikawa karibu masaa 13, miji ni ileile na haijasogea hata hatua moja.

Tatu ni upepo, na hapa nataka ukae vizuri maana ndo jibu la kwa nini kwenda ni masaa 15 na kurudi 14 na nusu. Sisi wa huku tunajua kaskazi na kusi, miezi kadhaa unavuma huku, miezi mingine unavuma kule, na majahazi ya zamani yalikuwa yanasubiri upepo ugeuke ndo yarudi Uarabuni. Huko juu zinakopita ndege, kilomita 9 mpaka 12 kutoka chini, ukishavuka ukanda wetu wa joto na kwenda kaskazini kuna mkondo wa upepo ambao hausubirishani na mtu, unatoka magharibi kwenda mashariki mwaka mzima, na miezi ya baridi ya kwao, yaani Disemba, Januari, Februari, ndo unakuwa mkali zaidi. Mkondo huo unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ndege inayokwenda Marekani inaukuta uso kwa uso, inayorudi inasukumwa mgongoni. Ni kama mtu anayepiga kasia Rufiji, mikono ni ileile, nguvu ni ileile, ila kupandisha na kuteremka si sawa hata kidogo. Februari 2020 kulikuwa na dhoruba Atlantiki na ndege ya British Airways ikatoka New York mpaka London kwa masaa manne na dakika 56, safari ambayo kawaida ni masaa sita na zaidi. Kwa njia ya Nairobi tofauti ni ndogo, nusu saa hivi, kwa sababu zaidi ya theluthi moja ya njia iko kwenye ukanda wetu wa joto ambako mkondo huo haupo.

Na kuna jambo la Nairobi lenyewe ambalo watu wa Dar hatulifikirii. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, mbawa zinapata kitu kidogo cha kushika, injini nazo zinapungukiwa, na ndege yenyewe inaweza kubeba zaidi ya lita laki moja na elfu 20 za mafuta ikijazwa. Kuruka usiku kunasaidia kwa sababu hewa ya usiku ina ubaridi na ni nzito kidogo kuliko ya mchana. Addis Ababa iko juu zaidi, zaidi ya mita 2,300, ndo maana baadhi ya ndege za kutoka Addis kwenda Marekani zimekuwa zikitua mahali njiani kuongeza mafuta halafu kurudi zinakuja moja kwa moja bila kutua. Kwa hiyo ukimwona mtu anakwambia ndege ya Addis ni mbovu ndo maana inatua njiani, mwambie tatizo ni mlima.

Haya tuje kwenye tiketi yako, masaa 11 na nusu kwa 26 na nusu. Tiketi zote za ndege duniani zinaandikwa kwa saa ya mji husika. 19:00 ni saa ya Dar, 06:25 ni saa ya New York. Ukizitoa moja kwa nyingine unakuwa kama mtu anayetoa shilingi kwenye dola. Januari New York iko nyuma yetu kwa masaa 8. Kwa hiyo mama anapotua 06:25 Ijumaa asubuhi, huku kwetu ni 14:25, saa nane na dakika 25 mchana wa Ijumaa hiyohiyo. Kutoka 19:00 Alhamisi mpaka 14:25 Ijumaa ni masaa 19 na dakika 25. Ndo yale "karibu 20" ya wakala. Ndani yake kuna saa moja na dakika 20 za kwenda Nairobi, masaa matatu na dakika tano za kusubiri Nairobi, na 15 za juu. Kurudi, 12:25 ya New York ni 20:25 ya kwetu, saa mbili na nusu kasoro usiku wa Jumanne, na anafika Dar 15:00 Jumatano. Hesabu hapo, masaa 18 na dakika 35. Umeona? Ile tofauti kubwa iliyokutisha imeyeyuka, imebaki kidogo tu ya upepo na ya kusubiri.

Kwa hiyo kanuni yangu ambayo nawafundisha hata vijana wa ofisini, usihesabu chochote mpaka kila saa iliyo kwenye tiketi umeigeuza kuwa saa ya nyumbani. Chukua kalamu uandike pembeni. Angalia tu jambo moja, sisi hatugusi saa zetu mwaka mzima lakini Wamarekani wanazisogeza, Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza mbele na Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha nyuma. Mama akiongeza siku akabaki mpaka katikati ya Machi, tofauti itakuwa masaa 7 badala ya 8, na hapo wengi wanakosea hata muda wa kumpigia simu bibi.

Kuna kosa lingine baya kuliko hilo na nakuomba ulisikilize hata kama tiketi ya mama yako haina tatizo hilo, maana wengi mnaonunua tiketi mitandaoni litawakuta. Miaka ile ya mwanzo nikiwa mgeni kazini kulikuwa na mzee mmoja, mtu mzima wa heshima, anakwenda kwa mwanae Ulaya. Tiketi imeandikwa Jumapili 00:40. Mimi nikamwambia "baba, Jumapili saa sita na dakika arobaini usiku", nikaona nimemaliza. Jumapili kaenda kanisani, kala na wajukuu, kaagwa, saa tatu usiku kafika eapoti na mabegi mawili na familia nzima kwenye Hiace. Ndege ilikuwa imeondoka usiku uliopita. Nilimwona kesho yake ofisini, amekaa kwenye kiti na tiketi mkononi hajasema neno la kunilaumu, na mpaka leo ile sura sijaisahau, maana kosa lilikuwa la kwangu. Nilitakiwa kusema "Jumamosi, usiku wa kuamkia Jumapili". Kwa saa ya kizungu siku inabadilika saa sita usiku, sisi kwa mazungumzo ya kawaida tunaona usiku wote ni wa siku iliyokwisha. Wazee wa pwani wanaohesabu siku kuanzia magharibi, ambao usiku wa Ijumaa kwao ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, wao tiketi za namna hii hawazikosei kirahisi. Tangu siku ile tiketi yoyote yenye 00 au 01 au 02 au 03 mwanzoni naandika kwa wino mwekundu siku ya kwenda eapoti, si siku ya ndege.

Na kugeuza saa ni kutoa sita kama unavyojua, na ikibaki zaidi ya 12 unatoa 12 tena, 19:00 ni saa moja jioni, 23:25 ni saa tano na dakika 25 usiku. Mtu anayesafiri kila mwezi analijua hili kichwani, mama wa miaka 68 asiachiwe alihesabu mwenyewe pale Nairobi akiwa na usingizi.

Labda utauliza pia kama angepita njia nyingine ingekuwa fupi zaidi. Kwa kilomita hapana. Dar, Nairobi, New York ni kama 12,500 jumla, yaani karibu sawa na ule mstari wa Google. Ukipitia Amsterdam inakuwa kama 13,200. Istanbul kama 13,500. Doha kama 14,600, kwa sababu unaanza kwa kwenda kaskazini mashariki, kule usikotaka kwenda, halafu ndo unageuka. Lakini usiwadharau wanaopita Doha, kilomita 2,000 za ziada angani ni masaa mawili na kitu tu, na ukikaa masaa saba Nairobi kwa sababu ndege zako hazikupangana vizuri umeshapoteza zaidi ya hayo. Kinachorefusha safari za siku hizi ni kusubiri. Si lazima uende mbali kuliona hili, Dar mpaka Nairobi ni kilomita kama 670 na ndege inatumia saa moja na dakika 20, Morogoro mpaka Dar hazifiki 200 na basi likikutana na foleni ya Kibaha kuja Mbezi na Kimara unaweza kumaliza masaa manne na zaidi.

Kwa mama yako nimeipenda njia mliyochagua na ningemchagulia hiyohiyo. Kubadilisha ndege mara moja tu, na anabadilishia Nairobi ambako akipotea geti anauliza kwa Kiswahili na anajibiwa kwa Kiswahili. Kwa mtu anayepanda ndege mara ya kwanza hilo lina thamani kuliko masaa mawili. Kitu kimoja uhakikishe, kwamba safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja, si tiketi ya Dar–Nairobi peke yake na ya Nairobi–New York peke yake. Zikiwa moja, begi linaandikwa Dar na linapokelewa New York, na ndege ya kwanza ikichelewa ni juu ya shirika kumtafutia nyingine. Zikiwa mbili tofauti, akichelewa Nairobi ni shauri yenu, na hapo nimeona watu wanalia.

Masaa ya kweli ya safari yake mimi nahesabu kuanzia mlango anaotokea mpaka mlangoni kwa dada. Ndege ya 19:00 maana yake awe eapoti saa kumi jioni. Msitoke Morogoro siku ileile, aje Jumatano na treni ya SGR ambayo haifiki hata masaa mawili, alale kwa ndugu Dar, Alhamisi saa nane na nusu mchana aondoke. Kule akitua 06:25 kuna foleni ya uhamiaji, alama za vidole, begi, njia ya mpaka nyumbani, weka saa tatu asubuhi ya kwao ndo anakaa kwenye kochi na kumshika mjukuu. Hiyo ni saa kumi na moja jioni ya kwetu. Tangu atoke kwa ndugu Dar, jumla masaa 26 na nusu, mwili wa mtu mzima umekaa hivyo.

Na mwandae kwa jambo hili, maana halimo kwenye tiketi na linawatisha wageni. Jua litamzamia Dar Alhamisi jioni, na New York mwezi Januari jua linachomoza saa moja na dakika 20 asubuhi hivi, ambayo kwetu ni saa tisa na dakika 20 mchana. Ndege inakimbia magharibi, usiku nao unakimbia naye. Atakuwa gizani zaidi ya masaa 20 mfululizo. Atalala, ataamka, atakula, atalala tena, atafungua dirisha atakuta giza, na kama hajaambiwa atadhani kuna kitu kimeharibika. Kurudi ni kinyume, anaondoka mchana kweupe na baada ya masaa kama matatu manne tu giza limeshamkuta.

Sasa dawa, na hapa mimi ni mtu wa tiketi, daktari wake ndo mwenye neno la mwisho, lakini nikwambie umuulize nini. Siku ya kwenda itakuwa na masaa 32 kwa mama, si 24, kwa sababu anaongezewa yale 8. Siku ya kurudi itakuwa na 16. Kama anachoma insulini, ratiba ya "asubuhi na jioni" inavurugika kabisa, asubuhi ya wapi? Nenda naye kliniki wiki mbili tatu kabla, na tiketi mkononi, daktari amwandikie dozi kwa saa ya Dar mpaka atakapofika, halafu jinsi ya kuhamia saa ya kule. Mama avae saa ya mkononi yenye saa ya Dar na asiiguse njia nzima. Dawa zote, kipimo cha sukari, na barua ya daktari viwe begi la mkononi, kamwe visiingie kwenye begi linaloenda chini, insulini ikiganda imeharibika na begi likichelewa dawa nayo imechelewa. Dawa za maji zinaruhusiwa kupita kwenye ukaguzi hata zikizidi zile mililita 100, mradi aziseme na aonyeshe barua. Na awe na kitu cha kutafuna, biskuti au ndizi, sukari ikishuka asisubiri toroli la chakula. Ndizi iishie humohumo kwenye ndege, asishuke nayo maana Wamarekani hawataki matunda yavuke mpaka.

Masaa 15 kwenye kiti si mchezo kwa miguu ya mtu mzima. Muombee kiti cha njiani, si dirishani, ili akitaka kusimama asiombe ruhusa kwa watu wawili. Kila baada ya saa moja au mbili akiwa macho atembee mpaka nyuma na kurudi, akikaa azungushe vifundo vya miguu. Anywe maji hata kama hana kiu, hewa ya mle ndani ni kavu. Presha ya hewa ndani ya 787 ni kama mtu aliyeko mita 1,800 hivi, yaani kama yuko Njombe mjini au chini kidogo, kwa mzima wa afya haina shida, kwa mwenye moyo au mapafu daktari aambiwe. Na watu wanaweza. Singapore mpaka New York ni zaidi ya kilomita 15,300, karibu masaa 19 bila kutua, na wazee wa umri wake wamo.

Omba kiti cha magurudumu sasa hivi kupitia wakala wako, angalau siku mbili kabla iwe imeshaingia kwenye mfumo. Ni bure, na si lazima mtu awe mgonjwa. Faida yake ni kwamba kuna mtu atamtoa mlango wa ndege ya kwanza Nairobi na kumfikisha geti la ndege ya pili, na New York atamsukuma mpaka pale anapotokea dada yako. Wazee wengine wanaona aibu, mwambie ni kijana wa kumwongoza njia.

Mwisho nakuandikia hapa karatasi ninayowapa wazee wangu, uinakili kwa maandishi makubwa ya maka pen uiweke kwenye paspoti yake:

ALHAMISI saa 10 jioni, niko eapoti Dar. Saa 1 jioni ndege ya kwanza, fupi. Saa 2 na dakika 20 usiku nafika Nairobi, SITOKI NJE, namsubiri mtu wa kiti. Saa 5 na dakika 25 usiku ndege kubwa. Chakula, dawa, kulala. IJUMAA saa yangu ya mkononi ikisema saa 8 na dakika 25 mchana ndo nafika, nje ni alfajiri. Namba ya simu ya binti yangu ni hii.

Chini yake andika sentensi mbili kwa Kiingereza kwamba ana sukari na anaongea Kiswahili. Dada awe pale JFK, uwanja wa ndege wa New York, saa moja na nusu asubuhi, asiende saa kumi na mbili akasimama bure na mtoto mchanga, na aje na koti zito na soksi za mama, maana kutoka mlangoni mpaka kwenye gari Januari ni baridi ambayo Morogoro haijawahi kuiona.